Je, Matunda Peke Yake Ndiyo Chakula cha Maumbile ya Mwanadamu?

Ndugu yetu mmoja wa hapa mjini ametuletea swali ambalo tumeona si vyema kumjibu yeye peke yake, kwani twajua kuwa walioshikwa na jambo hili ni wengi kuliko wanaouliza. Asema amesikia kwa watu anaowaamini ya kwamba mwanadamu, kwa maumbile yake, aliumbwa ale matunda. Na kwamba nafaka, nyama, samaki, maziwa na kila kinachopita motoni ni mambo yaliyozuka baadaye, nayo ndiyo yaliyoleta kisukari, presha na maradhi mengineyo. Amelishika neno hilo. Huu ni mwezi wake wa nne hali ila matunda na dafu. Mwili umempungua uzito, usingizi umekuwa mwema, na tumbo halimsumbui tena. Sasa ataka kuitia nyumba yake yote katika njia hiyo, na nyumbani mna mtoto wa mwaka na nusu aliyekaribia kuacha ziwa. Auliza mambo mawili: je, neno lile ni kweli? Na je, aweza kumlisha mtoto hivyo?

Lau si huyo mtoto tungalijibu kwa mistari michache, kwani mtu mzima ana khiari ya sahani yake. Lakini mtoto hachagui. Hula anachopewa, na akidhoofika hajui kusema kimedhoofika nini. Kwa hivyo twaomba radhi ikiwa maneno yatakuwa marefu.

Tuanze kwa insafu. Hoja za wanaosema haya si za kijinga zote. Wasema: tazama mkono wa mwanadamu, hauna makucha ya kurarua bali una vidole vya kuchuma. Tazama meno yake, chonge zake ni fupi, haziwezi kuua hata sungura. Tazama jicho lake, lapambanua wekundu wa tunda lililoiva katikati ya majani. Tena, wasema, weka mbele ya mtoto mdogo embe na kuku aliye hai, uone atakula kipi na atacheza na kipi. Na ya mwisho, ndiyo yenye nguvu kupita zote: mbuzi, mbwa na paka miili yao hujitengenezea vitamini C, lakini mwanadamu hawezi, kama vile sokwe na kima wasivyoweza. Wanyama wasioweza kujitengenezea kitu hicho ni wale ambao chakula chao chakileta kila siku, basi yaonyesha kuwa mwanadamu amewekewa haja ya matunda katika umbo lake.

Hili la mwisho ni kweli, na sisi watu wa pwani tuna ushahidi wake mlangoni petu. Vasco da Gama aliporudi kutoka India, merikebu zake zilikaa baharini karibu miezi mitatu, tangu Oktoba 1498 mpaka mwanzo wa Januari 1499, na kwa muda huo mabaharia wake wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Fizi ziliwavimba mpaka zikafunika meno, wasiweze kutafuna, na miguu ikawafura. Walipotia nanga Malindi, mkubwa wao alimtuma mtu nchi kavu akatafute machungwa kwa ajili ya wagonjwa, na Mfalme wa Malindi akawapelekea kondoo. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya tabibu wa merikebu wa Kiskoti, James Lind, kulijaribu jambo hili kwa utaratibu. Katika mwaka 1747 aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao: siki, maji ya bahari, na vinginevyo. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi, mmoja wao akarejea kazini baada ya siku sita, na wenzao wamelala vile vile.

Lakini tazama hoja hiyo yafika wapi. Yathibitisha kuwa mwanadamu hana budi na matunda au mboga mbichi. Haithibitishi kuwa hana haja na kinginecho. Hatuwezi kukaa bila maji, wala hakuna aliyesema kuwa maji ndiyo chakula chote. Kutoka katika neno "hana budi nacho" kuingia katika neno "chamtosha" ni masafa marefu, na wenzetu wameyaruka kwa hatua moja.

Ama hoja ya umbo, yataka kutazamwa umbo lote na si meno peke yake. Sokwe, ambaye wamemfanya shahidi wao, hula matunda zaidi kuliko kitu chochote, lakini hula pia majani, maua na wadudu. Na katika mwaka 1960 Jane Goodall alimwona kwa macho yake, huko Gombe katika Tanganyika ya wakati ule, akila nyama. Baadaye ikajulikana kuwa sokwe hao huwinda mbega kwa kushirikiana. Basi shahidi amegeuka. Tena matumbo yetu si kama yake. Sokwe ana utumbo mpana mkubwa, uliochukua karibu nusu ya nafasi ya matumbo yote, kwa sababu chakula chake kina makapi mengi yanayotaka kuchachuka humo taratibu. Mwanadamu ni kinyume: utumbo mwembamba ndio uliochukua zaidi ya nusu, na utumbo mpana ni kama moja ya tano. Hilo ni tumbo la kiumbe kinachokula chakula kizito, kidogo kwa wingi na kikubwa kwa nguvu, kilichokwisha kupondwa, kulowekwa au kupikwa kabla hakijaingia kinywani. Na ukitazama mate yetu utakuta vile vile. Katika mate mna kitu kinachovunja wanga, na wataalamu waliochunguza nasaba za miili walieleza katika mwaka 2007 kuwa mwanadamu, kwa wastani, amerithi amri ya kukitengeneza mara nyingi zaidi kuliko sokwe. Wanga haukai katika embe bivu. Wakaa katika muhogo, viazi vikuu, mtama na mchele.

Ukitaka kuwaona watu wanaoishi kwa kile kitokacho porini, wasiolima wala kufuga, si lazima uwatafute vitabuni. Wahadzabe wako kando ya ziwa Eyasi katika Tanzania. Hao hula ubuyu na matunda madogo ya mwituni, naam, na hula asali kwa wingi, na huchimba mizizi, na huwinda. Hakuna aliyewafundisha upishi wa mjini, wala hakuna aliyewaambia kuwa matunda yanatosha.

Sasa na tulitazame neno lenyewe, "asili", kwani limebeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Husemwa kuwa tunda ni chakula cha asili na mkate ni chakula cha kutengenezwa. Twauliza: tunda gani? Ingia sokoni Mombasa, uhesabu. Papai, nanasi, pera, stafeli na kanju vyote vilitoka Marekani ya kusini na ya kati, vikaletwa baada ya Wareno kuvuka bahari. Embe na fenesi asili yake ni India na nchi za jirani yake. Shelisheli latoka visiwa vya Pasifiki. Chungwa latoka upande wa China. Ndizi mbivu tunayoimenya na kuimeza bila kukuta kokwa ni kazi ya mikono ya watu: ndizi ya mwituni imejaa mbegu ngumu kama changarawe, na wa mwanzo kuilima, kwa dalili zilizochimbuliwa, walikuwa watu wa New Guinea yapata miaka 7,000 iliyopita. Nayo maembe yetu mazuri, ngowe na boribo na mengineyo, hayatoki katika kokwa iliyotupwa tu, bali tawi la mti uliochaguliwa huunganishwa na shina la mwengine. Kilichokuwapo hapa kwetu tangu hapo, kabla ya jahazi yoyote, ni ubuyu, ukwaju, mabungo, fuu na mfano wa hayo, ambavyo huwezi kumshibisha mtu navyo mwezi mmoja. Basi embe ni kazi ya mkulima kama vile mkate ulivyo kazi ya mwokaji. Hatusemi hivyo kulitia ila embe. Twasema kuwa aliyekimbia "vya kutengenezwa" akaingia katika embe hakukimbia popote.

Lakini huenda mtu akasema: haya ni maneno, je, yuko aliyejaribu? Yuko, tena alijaribu kwa tunda tulijualo sisi kuliko wote.

August Engelhardt alikuwa Mjerumani wa Nuremberg, aliyezaliwa mwaka 1875, akafanya kazi ya kusaidia muuza dawa. Katika mwaka 1898 alitoa kitabu pamoja na mwenzake, August Bethmann, wakiahidi maisha yasiyo na dhiki. Itikadi yake ilikuwa kwamba nazi ndiyo chakula kikamilifu, kwa sababu yaiva juu kabisa, karibu na jua, na kwa sababu umbo lake ni kama kichwa cha mwanadamu. Aliyeishi kwa nazi na jua, bila nguo na bila moto, huyo, kwa maneno yake, angekaribia hali ya kutokufa. Katika mwaka 1902 alisafiri mpaka New Guinea, iliyokuwa wakati ule koloni ya Wajerumani, akanunua shamba la minazi katika kisiwa kidogo kiitwacho Kabakon, akakaa humo na vitabu vyake.

Alipata wafuasi, si wengi. Kijana mmoja wa kisiwa cha Heligoland aliwasili mwisho wa mwaka 1903, na baada ya majuma machache alikuwa amekwisha kufa. Max Lützow, mpiga muziki wa Berlin, alifika mwaka 1904 na kuandika barua za kusifu, akafa mwaka 1905. Bethmann mwenyewe alikwenda akafa huko mwaka 1906. Hatusemi kuwa nazi iliwaua. Nchi ile ina malaria, na jua la bahari ni jua, na Lützow inasemekana aliumwa baada ya kukwama chomboni. Lakini mtu aliyeshiba vyema huistahimili homa ambayo aliyedhoofika haistahimili. Ama Engelhardt, alipelekwa hospitali ya Herbertshöhe mwili umejaa vidonda, na kwa kimo cha sentimita 166 uzani wake ulikuwa kilo 39. Alitibiwa akapata nafuu, akarejea kisiwani kwake. Alikufa mwaka 1919.

Na majirani zake, wenyeji wa visiwa vile, walikuwa na minazi kabla yake kwa karne nyingi. Wakila nazi, na pamoja nayo wakilima magimbi na viazi vikuu na ndizi, na wakivua samaki. Ni kama sisi tuliozaliwa chini ya minazi. Tunaijua nazi tangu kidaka, kitale, dafu na koroma mpaka inapoanguka. Lakini nani katika wazee wetu aliyeifanya chakula peke yake? Tui limewekewa wali, limewekewa samaki, mbaazi, kunde na mchicha. Nazi kwetu ni ya kuungia. Engelhardt alikaa miaka 17 katikati ya watu waliojua hilo, asiwaulize.

Natufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Mtu mzima mwenye kilo 60 ahitaji kiasi cha gramu 48 za protini kwa siku; hiyo ndiyo inayojenga nyama ya mwili, damu na ngozi. Katika gramu 100 za embe mna chini kidogo ya gramu moja, tuseme sehemu nane katika kumi za gramu. Basi ili apate haja yake kwa maembe hana budi kula kilo 6, kila siku. Na katika kilo 6 hizo mna sukari ya matunda kiasi cha gramu 840. Ndizi ni afadhali kidogo, na parachichi na nazi zina mafuta ya kumtia mtu nguvu, lakini njia ni ile ile. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina protini kiasi cha gramu 20, na kunde kavu zenye uzito huo zina zaidi ya hapo. Yaani mchuzi wa samaki na bakuli la kunde huimaliza haja ambayo kikapu cha maembe hakiifikii.

Ndugu yetu atasema: mbona basi mimi ni mzima, na miezi minne imepita? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, tena kwa nia njema. Aliyeacha soda, maandazi ya asubuhi, viazi vya karai vya jioni na chumvi nyingi, na badala yake akala mapapai, lazima ajione mwepesi. Uzuri ule umetoka katika alivyoviacha zaidi kuliko katika alichokishika, na angaliupata vile vile lau angalikula papai lake pamoja na samaki na maharagwe. Ama upungufu, huo hauji kwa haraka. Kuna vitamini iitwayo B12, iliyopatikana na wataalamu mwaka 1948, ambayo damu na mishipa ya fahamu haziwi salama bila ya hiyo. Haimo katika tunda lolote. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima aliyekuwa akila vitu hivyo huwa ameweka akiba yake katika ini, na akiba hiyo huweza kumchukua miaka. Kwa hivyo mwezi wa nne hauna khabari. Khabari huja mwaka wa tatu au wa nne, kwa ganzi za miguuni, uchovu, na kusahau. Na wakati huo mtu hakumbuki hata kuunganisha maradhi yake na sahani yake, na mishipa iliyokwisha kuharibika pengine hairudi yote. Wanaosimulia faida za njia hii karibu wote husimulia miezi yao ya mwanzo.

Mtoto hana akiba hiyo, na kilichokawia kwa baba miaka huweza kumfika yeye kwa miezi. Na ikiwa mama anayenyonyesha naye ametiwa katika chakula hicho, maziwa yake yatapungukiwa na kile kile alichopungukiwa yeye. Tena tumbo la mtoto ni dogo. Tunda ni maji kwa sehemu yake kubwa. Humjaza upesi, akakataa kula, mama akadhani ameshiba.

Mfano wake umepata kuonekana jirani yetu Uganda. Watu wa Buganda chakula chao kikuu ni ndizi zilizopikwa, matoke, nacho ni chakula chema. Lakini katika miaka ya 1940 na 1950 madaktari wa Mulago, Kampala, walikuwa wakipokea watoto wengi walioachishwa ziwa wakalishwa ndizi na vyakula vya wanga karibu bila kitu kingine: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, ngozi yababuka, na mtoto hana raha wala hataki kucheza. Ndiyo unyafuzi, ambao madaktari huuita kwashiorkor, jina la lugha ya watu wa Accra lililoingizwa katika utabibu na Cicely Williams katika miaka ya 1930. Hugh Trowell na wenzake wawili waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Sababu za maradhi hayo zimejadiliwa sana tangu hapo, na haisemwi tena kuwa ni upungufu wa protini peke yake. Lakini hakuna tabibu anayebisha kuwa umri wa kuacha ziwa ndio umri wa khatari, na kwamba mtoto wa umri huo akipewa chakula cha namna moja huwa amewekwa njiani mwa maradhi hayo.

Twajua pia kuwa kuna wanaolipamba jambo hili kwa dini, na hapo hatuna budi kusema neno. Huleta kisa cha Nabii Adam, alayhi salaam, kuwa alikuwa bustanini akila matunda ya miti. Lakini bustani ile, kwa maelezo ya Suratu Taha, ilikuwa mahali pasipo njaa, wala kiu, wala uchi, wala joto la jua. Aliyeteremshwa aliteremshwa penye hayo yote, na huku ndiko tuliko sisi. Wengine huleta kuwa katika Suratul Waqia matunda yametajwa kabla ya nyama ya ndege. Nao wasahau kuwa hiyo nyama ya ndege imetajwa. Msomaji na aifungue Suratun Nahl peke yake, atakuta neema zimehesabiwa: wanyama wa kufugwa, mimea ya shambani, zaituni, mitende na mizabibu, nyama laini itokayo baharini, maziwa, kisha asali. Tunda ni moja katika meza hiyo. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikula matango pamoja na tende mbivu, na maulamaa wa utabibu wakaeleza kuwa ubaridi wa moja hupunguza ujoto wa jengine. Abubakar ar-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika kitabu makhsusi juu ya manufaa ya vyakula na namna ya kuondoa madhara yake, na kazi yake yote humo imejengwa juu ya msingi huo, kwamba kila chakula kina nafuu na kina dhara, na hutengenezwa kwa kingine. Anayetaka kuacha nyama kwa kuwa haimpendezi ni shauri lake. Ama kuwaambia watu kuwa ni kinyume cha maumbile yao, hilo lataka dalili, nayo haikuletwa.

Baada ya kusema haya yote twaogopa kitu kimoja: asije mtu akaisoma makala haya kwa furaha, akafunika bakuli la matunda, akaagiza sahani ya pili ya biriani. Sisi si watu wa kulaumiwa kwa kula matunda mengi! Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri kila mtu mzima apate gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa uchache. Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zifikazo hapo? Maembe yaanguka na kuoza msimu mzima huku watoto wapewa shilingi wakanunue vitu vya pakiti. Pera, ambalo twaliachia ndege, lina vitamini C mara nne ya chungwa. Waliotupigia kelele juu ya matunda wana haki yao juu yetu katika hili, hata kama wamekosea katika mengine.

Tunda lenyewe, lakini, liwe tunda. Sharubati ni jambo jengine. Chungwa moja hutafunwa kwa makapi yake, na sukari yake huingia mwilini taratibu. Bilauri ya sharubati hubeba machungwa matatu au manne, makapi yametupwa, na hunywewa kwa pumzi moja. Ndiyo maana wataalamu huihesabu sukari ya sharubati pamoja na sukari ya kopo, wala si pamoja na sukari ya tunda. Mwenye kisukari asiliogope tunda zima kwa kiasi, lakini asiache dawa zake wala asigeuze chakula chake chote kwa ghafula bila ya daktari, kwa sababu dawa imepimwa kwa chakula alichokuwa akikila. Mwenye maradhi ya mafigo naye ajihadhari zaidi, kwani ndizi na tende na dafu zina madini ambayo figo dhaifu haliwezi kuyatoa. Hata mbirimbi, ambayo twaitia katika mchuzi na achari bila ya wasiwasi, huko Kerala madaktari walieleza katika mwaka 2013 khabari za watu waliokunywa maji yake mazito kwa kutaka kupunguza mafuta ya damu, mafigo yakawafeli.

Basi jawabu la swali la kwanza ni kuwa neno lile si kweli. Tunda ni katika chakula cha mwanadamu, tena sehemu isiyoachika, lakini silo chakula chake chote. Ndugu yetu kama aona raha katika mapapai yake, na aendelee nayo asubuhi, na jioni arudishe samaki wake, kunde na wali kidogo au muhogo. Soda na maandazi aliyoyaacha, ayaache huko huko. Na akitaka kushika matunda yake tu juu ya haya tuliyoyaeleza, basi kwa uchache aende akapimwe damu, amwambie daktari waziwazi anachokula.

Ama mtoto, jawabu ni la. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili kama mama aweza, na pamoja na ziwa apewe kila siku kitu kitokacho kwa mnyama au baharini: yai, au samaki aliyechambuliwa miba, au dagaa waliosagwa wakatiwa katika uji, au maziwa. Penye uchache wa hivyo, zizidishwe kunde, pojo au mbaazi zilizopondwa vyema na tui. Papai na ndizi apewe kila siku, baada ya hayo na si badala yake. Na ikiwa amekwisha kuanza kulishwa matunda matupu, apelekwe kliniki juma hili akapimwe uzani, na kitabu chake cha kliniki kitazamwe mstari wa uzani umepanda au umelala tangu mwezi ulioanza mtindo huo.